Sekunde Kumi na Tisa

Baba yangu alikuwa anasikiza magurudumu. Hio ndio ilikuwa kazi yake pale steshoni ya Nakuru, mkaguzi wa mabehewa, na sisi watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tulijua treni imeingia kwa ile nyundo yake yenye mpini mrefu, zaidi hata kuliko kwa honi, ngo, ngo, ngo, anatembea kando ya mabehewa akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima linalia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa linatoa sauti butu, kama sufuria iliyopasuka, na hapo baba anasimama, anagonga tena, anainama na tochi, anachora alama ya chaki, na hilo behewa haliendi mahali, ata kama abiria wameshapanda na wanapiga kelele kwa madirisha. Nimeshamwona akitukanwa na watu wazima wenye suti na hajibu kitu, anapangusa mikono tu na pamba ya mafuta.

"Wana haraka ya kufika, mama," aliniambia siku moja tukienda nyumbani. "Na mimi nataka wafike."

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu kwa grupu yetu ya WhatsApp ya mtaa kuna mtu alituma video ya tremu mpya, ile treni ya umeme inayopita barabarani mjini, ya mji mmoja ughaibuni, inazunguka mjini tupu, taa zimewaka, hakuna abiria ata mmoja, na chini yake ameandika ati oneni venye pesa ya umma inachomwa, treni iko tayari na watu wanaachwa kwa barabara. Watu wakacheka, wakatuma zile emoji za moto. Mimi sikucheka. Nilikaa na simu mkononi nikianza kuandika jibu, nikafuta, nikaandika tena, mpaka nikaona hii si maneno ya kutoshea kwa grupu, wacha niandike hapa nimalize yote.

Treni tupu kama hio nimezifanyia kazi miaka minne. Nilikuwa mji mmoja wa Ghuba, kwa timu ya kutesti na kukomisheni reli nyepesi, yaani ile kazi ya kati ya siku mafundi wa ujenzi wanasema tumemaliza na siku wewe abiria unagonga kadi yako uingie. Watu hudhani hapo katikati hakuna kitu. Ukweli ni kwamba hapo ndio kuna kila kitu, manake kabla ya hapo mko na reli, mko na nyaya, mko na mabehewa, mko na kompyuta, lakini hamna treni bado. Mko na vitu vilivyonunuliwa kwa watu tofauti, kila mmoja na cheti chake kwamba kimepita mtihani kule kiwandani, na hakuna ata kimoja kimewahi kuonana na mwenzake.

Siku ya kwanza tremu haiendi yenyewe. Inavutwa na gari, polepole kiasi kwamba mtu anatembea kando yake bila kuhema, na imevalishwa povu. Nieleze hapa vizuri kwa sababu hii ndio picha nitakufa nayo. Unachukua lile povu jeupe la kufungia televisheni mpya, unalikata vipande, unavifunga kuzunguka mwili wa tremu kufuata umbo ambalo injinia amechora, ile nafasi yote tremu inaweza kumeza ikiyumba kushoto na kulia ikiwa na abiria kwa mwendo wa kasi. Halafu unaivuta njia nzima, steshoni kwa steshoni, nguzo kwa nguzo, na nyinyi mnatembea na tochi mkiangalia povu. Povu likiguswa linakatika. Ikifika mwisho wa safari povu liko zima, njia iko wazi. Kama kuna kipande kimechubuka, kuna kitu kimekaa pale hakifai kukaa.

Tulifanya usiku, kama saa tisa, joto likiwa limepungua kidogo. Mimi nilipewa upande wa platifomu. Steshoni ya tano nikasikia mlio mdogo sana, krrr, kama panya anatafuna karatasi, nikainua mkono, gari likasimama. Ukingo wa platifomu, lile jiwe la mwisho kabisa, lilikuwa limetokeza milimita 11 zaidi ya mchoro. Milimita kumi na moja, unene wa kidole changu kidogo. Fundi aliyeliweka alikuwa ameshaondoka, ameshalipwa, na alifanya kazi nzuri kwa macho ya mtu yeyote anayepita hapo. Lakini tremu iliyojaa watu inaegemea kwa ile kona kwa kasi ingelipiga lile jiwe kila siku, na siku moja pengine kungekuwa na mkono wa mtu hapo kati. Tulilichonga kesho yake na grenda, dakika arobaini, basi. Nilichukua kile kipande cha povu kilichochubuka, mpaka saa hii niko nacho nyumbani Nakuru kwa droo.

Baada ya hapo ndio umeme unaingia. Waya wa juu unabeba volti 750 za mkondo mnyoofu (DC), na hapa kwetu soketi ya nyumba ni 240, kwa hivyo siku ya kuwasha tunabandika notisi kila mlingoti kwamba kuanzia leo huu waya uhesabiwe uko hai saa zote, ata ukiambiwa umezimwa. Umeme ukishaendesha mota unarudi sabsteshoni, kile kituo kinacholisha waya umeme, kupitia reli zenyewe, na kama reli hazijatengwa vizuri na ardhi, sehemu ya ule umeme inatoroka, inaingia udongoni, inatafuta njia rahisi, na njia rahisi mjini ni mabomba ya maji. Miaka inapita, bomba linaliwa taratibu na hakuna mtu anaona. Kwa hivyo unapima, usiku baada ya usiku, kipande kwa kipande.

Halafu breki. Chuma juu ya chuma kinateleza, hicho ndicho kinafanya treni ipende kukimbia na isipende kusimama. Piga hesabu ya shule tu: tremu ikiwa kilomita 50 kwa saa na dreva akashika breki ya kawaida, inahitaji kama mita 80 kusimama. Ya dharura, ile inaangusha sumaku chini ikamate reli, inapunguza hio zaidi ya nusu. Na lazima utesti ikiwa na uzito wa watu, na watu bado hawaruhusiwi kupanda, kwa hivyo tunapakia mchanga. Tremu ya watu 200, kila mtu kilo 70, ni tani 14, ni mifuko 560 ya kilo 25. Tuliibeba kwa mikono, kuingiza na kutoa, vijana wa Nepal na wa Uganda na sisi Wakenya wawili, na mfuko mmoja mmoja tuliuweka kwa kiti kama vile mtu angekaa. Nilikuwa naangalia ile mifuko imekaa kimya kwa viti nafikiria mama yangu, anasafiri na kuku kwa kikapu na shuka ya kufunika miguu, na nikashika breki kwa roho yangu yote.

Sasa nifike kwa kile kinachonisumbua.

Povu halivuki barabara. Mfuko wa mchanga hauweki mkono kwa mlango unaofunga. Unaweza kutesti chuma mpaka chuma chenyewe kichoke na bado haujatesti mji, na treni ya mjini haipiti porini, inapita katikati ya watu.

Kwa ule mji kulikuwa na kivuko cha watembea kwa miguu karibu na soko la mboga. Njia ya kuvuka ilikuwa mita 12 na taa ya kijani ya watu ilikuwa imepangwa sekunde 10, kwa hesabu kwamba mtu anatembea mita moja na nukta mbili kwa sekunde, hesabu ambayo iko kwa vitabu kila mahali na si mbaya, ni ya mtu mzima, mwenye afya, asiyebeba kitu. Mimi nilikuwa nakaa pale jioni nakunywa chai kwenye kibanda cha Wapakistani, na kila jioni kulikuwa na mzee mmoja mfagizi wa barabara anavuka na mkokoteni wake wa takataka. Nikaanza kumhesabu kwa saa ya simu. Siku ya kwanza 18. Siku ya pili 19. Siku ya tatu 19. Na akifika kwa reli lazima asimame, ainue gurudumu la mbele, manake reli ya tremu barabarani imezikwa, kando yake kuna kamfereji ka kupitishia ukingo wa gurudumu la treni, na kale kamfereji upana wake unatosha kabisa gurudumu la mkokoteni. Au la baiskeli. Au la kiti cha mlemavu.

Niliandika ripoti. Nikaweka tarehe, saa, sekunde, na picha ya kamfereji na kalamu nimeisimamisha ndani ionekane upana. Jibu lilirudi mstari mmoja, kwamba kivuko kiko sawa kulingana na michoro iliyoidhinishwa. Tarehe ya kufungua ilikuwa imeshatangazwa kwa mabango mji mzima, hema la wageni wa heshima limeanza kusimamishwa, na hakuna mtu alitaka kufungua programu ya taa upya kwa sababu ya mzee wa mkokoteni. Nilikasirika. Nilipeleka mara ya pili, nikaambiwa mimi kazi yangu ni siginali za treni na si tabia za watu.

Tukaingia kwa zile wiki za mwisho, ambazo tremu zote zinatoka kwa ratiba kamili kama zina abiria, asubuhi mpaka usiku, zinasimama kila steshoni, milango inafunguka, tangazo linasema karibuni, hakuna anayepanda, milango inafunga, zinaenda. Sisi tulikuwa tunaziita treni za mzimu. Ndio kama ile ya video ya grupu. Na siku ya sita, jioni, mkokoteni wa yule mzee ukanasa. Gurudumu lilizama kwa kamfereji, taa ikawa nyekundu, tremu inakuja, na yeye hakuuacha kwa sababu mkokoteni ukipotea anakatwa mshahara, alinieleza baadaye. Alibaki anavuta. Dreva, binti wa Ufilipino ambaye nilikuwa nimemfunza mwenyewe lile zoezi la breki, alimwona mapema akaangusha sumaku. Tremu ilisimama hatua nne kutoka kwa mzee. Nilizipima kwa miguu yangu, moja, mbili, tatu, nne.

Hakuna aliyeumia. Kesho yake taa ilibadilishwa ikawa sekunde 22 na kamfereji kakawekwa ile raba inayoshuka gurudumu la treni likipita na kuinuka tena. Kazi ya siku moja, ile ile waliyoikataa mara mbili.

Na hio breki ilishikwa na treni tupu. Ndugu yangu wa ile video, hapo ndipo pesa ya watu ilirudi yote.

Si sisi peke yetu. Ottawa, mji mkuu wa Kanada, walifungua reli yao nyepesi tarehe 14 Septemba 2019. Kabla ya hapo kulikuwa na siku 12 za kukimbia tupu ambazo zilitakiwa zifikie kiwango walichoandikiana, asilimia 98 ya kilomita zilizopangwa. Siku za kwanza zikawa mbaya, na katikati ya majaribio kiwango kikashushwa, kikawa 96, na madiwani waliochaguliwa na watu hawakuambiwa. Haikuisha mwezi mzima baada ya abiria kupanda na milango ikaanza kugoma: mtu anashika mlango unaofunga kama vile mtu yeyote mwenye haraka anavyoshika, mlango unakwama, treni haiwezi kuondoka, na njia nzima inajaa nyuma yake. Mwaka 2021 treni ziliacha reli mara mbili, tarehe 8 Agosti na tena 19 Septemba, na ile ya pili ilisababishwa na bolti ambazo hazikukazwa sawasawa baada ya matengenezo. Reli ikafungwa mpaka Novemba. Tume iliyoongozwa na jaji William Hourigan ilitoa ripoti Novemba 2022, na ukiisoma unaona haraka imetajwa tena na tena, tarehe za kufungua zisizowezekana na watu wazima wakiogopa kusema bado.

Bado. Neno dogo hivyo na ni gumu kulisema mbele ya hema la wageni wa heshima.

Hapa kwa majirani zetu, Addis Ababa walianza majaribio Februari 2015 na watu wakapanda njia ya kwanza, ya kaskazini hadi kusini, tarehe 20 Septemba mwaka huo, ya mashariki hadi magharibi ikafuata Novemba. Treni 41, zimejengwa na kuletwa na Wachina kwa mkopo wa benki yao ya Exim, na mimi nilifurahi sana siku ile, tulikuwa tunaangalia kwa simu na baba akasema sasa Afrika imepata tremu yetu wenyewe huku karibu. Baadaye treni nyingi zikaja kuegeshwa kwa kukosa vipuri. Hio inaniuma kwa sababu vipuri pia ni sehemu ya kukomisheni. Unapokabidhiwa reli unafaa ukabidhiwe treni, na michoro, na programu, na stoo imejaa, na mafundi wako wenyewe wameshafungua kila kitu na kukirudisha kwa mikono yao. Ukipokea funguo tu umepokea deni.

Na Edinburgh, kule Scotland, tremu zilianza kubeba abiria tarehe 31 Mei 2014 baada ya miaka ya kuchelewa ambayo wenyeji walichoka nayo kabisa. Miaka minne baadaye, Septemba 2018, mtu mmoja aligongwa na kufa kwa kivuko cha miguu pale Saughton. Wachunguzi walipoenda kusikiza walikuta honi na kengele ya tremu haina sauti ya kutosha kumwonya mtu kwa wakati, na tremu zikarekebishwa. Nilisoma ile ripoti usiku mmoja nikiwa Ghuba nikamkumbuka baba na nyundo yake. Kengele iliwekwa, ililia, mtu akatia tiki kwa karatasi. Lakini kwa ule umbali, kwa ule upepo, kwa sikio la mtu anayetembea akiwaza mambo yake, inasikika? Hilo ni swali lingine na linajibiwa ukisimama pale kwa kivuko mwenyewe na kusikiza.

Nimerudi nyumbani mwaka jana. Baba amestaafu zamani, anaishi Butere, na nikienda kumwona napitia Kisumu. Mnajua historia ya hii njia yetu, reli ilifika ziwani 1901, wakati huo Kisumu ikiitwa Port Florence, halafu kwa miaka mingi treni ya abiria ikakosekana kabisa, nyasi zikamea, watu wakajenga vibanda kandokando na juu kwa juu ya reli kwa sababu ardhi iko na haina mtu, mpaka Desemba 2021 treni ikarudi kutoka Nairobi kupitia Nakuru, Molo, Londiani, Muhoroni. Hii si reli nyepesi, ni ile ya upana wa mita moja ya mkoloni iliyofufuliwa, dizeli inavuta. Lakini kwa mtu anayevuka haina tofauti. Kuna watoto waliozaliwa na kukua wakicheza kwa ile njia bila kuwahi kuona kitu kikipita. Wewe unawatesti vipi hao? Unawaeleza vipi kwamba zile reli za chuma walizokuwa wanaanikia nguo sasa ziko hai?

Siku hizi kila mji unazungumza habari za treni za kisasa, na Nakuru yetu imekuwa jiji tangu Desemba 2021 na pale Kenyatta Avenue jioni ukitaka kuvuka unaomba Mungu. Mimi nataka hizo treni. Nataka kuona tremu inatoka mtaa wa Pipeline mpaka katikati ya jiji kabla sijazeeka, na nikiitwa kufanya kazi nitaacha kila kitu nije. Ninachoomba ni kwamba siku ya kukata utepe isiandikwe kwa bango kabla wale wa kutesti hawajasema ndio, na kwamba kwenye timu yao awepo mtu mmoja, ata kama ni mmoja tu, ambaye kazi yake ni kukaa kwa kibanda cha chai na kuhesabu watu wakivuka.

Mwezi uliopita nilimbeba baba kutoka Butere tukaenda Kisumu kuona daktari wa macho, na kabla ya kurudi nikamwomba tuzunguke kidogo upande wa Kibos, penye barabara inakata reli. Tuliketi kwa benchi ya mama wa mahindi. Nilitoa daftari, yeye akashika saa yake ya mkono ile ya zamani, macho yamefifia lakini akiisogeza karibu anaona mshale. Kijana wa boda bila abiria, sekunde 4. Wasichana watatu wa shule wakishikana mikono, 9. Mama mwenye beseni la samaki kichwani na mtoto nyuma, 14, na mtoto alirudi kuokota ndara. Halafu akaja mzee na baiskeli imefungwa miwa pande zote, mirefu mpaka inagusa chini, haendeshi, anaisukuma, na akifika kwa reli ya kwanza tairi likaingia kwa mfereji kama nilivyojua litaingia, akaitikisa, akaegemea, akaitoa, akaanza reli ya pili.

Baba alinyamaza mpaka alipomaliza kuvuka.

"Ishirini na saba," akasema. "Umemwandika huyo?"

"Nimemwandika, baba."

"Andika na miwa."